Mkono wa mkimbizi wa vita siyo wa bei ya chini

Mjini Bunia kuna wakubwa wa kazi wanaosema: mkimbizi wa vita alipwe kidogo kwa sababu anazalisha kidogo. Huo ni uongo. Tangu mwisho wa 2017, vita imewaondoa maelfu ya wakulima wa Djugu mashambani. Aliyekuwa analima muhogo na maharagi, leo analala Kigonze na kubeba matofali ya nyumba za wengine. Nguvu anazo. Alichopoteza ni shamba, jembe na njia ya soko.

Mwaka 2025 serikali ilipandisha mshahara wa chini wa siku kutoka franga 7.075 mpaka 14.500. Ni vizuri. Lakini kibarua asiye na mkataba atazionea wapi? Nani anakagua? Tena mshahara hauwezi kukua miaka na miaka kama barabara ni za woga: mavuno yanaozea shambani, bei inapanda sokoni, franga inaisha kabla ya jioni.

Basi, wakubwa wa kazi walipe kiwango cha sheria, kuanzia leo. Na serikali irudishe usalama Djugu, wakulima wapande kabla mvua zingine hazijapita.