Ramani Isiwe ya Wenye Mashine za Ghali

Kila uchao malori yenye makontena kutoka Mombasa hupita hapa Eldoret yakielekea Malaba. Shehena hufungwa mara moja, na kontena likahamishwa kutoka meli hadi lori bila ya kufunguliwa. Wataalamu wa tarakilishi waliliazima wazo hilo: programu hufungwa pamoja na vyote inavyovihitaji, ikaendeshwa katika seva. Docker, chombo kilichoieneza mno mbinu hiyo, kilitolewa mwaka 2013.

Nimelazimika kuyaandika haya kwa sababu ya binti mmoja ninayemfundisha isimu. Alizunguka vijiji vya Uasin Gishu na Nandi akikusanya majina ya mito na vilima kama wayatamkavyo wazee. Ilipofika zamu ya kuchora ramani, kipakatalishi chake kikuukuu kilishindwa kuiendesha QGIS. Programu hiyo, iliyoasisiwa na Gary Sherman mwaka 2002, hutolewa bure. Kizuizi, basi, hakikuwa bei ya programu bali udhaifu wa mashine. Binti akachora kwa penseli, na sifa zikawaendea wenzake wenye ramani za rangi. Je, tulikuwa tukipima elimu au mifuko ya wazazi?

Dawa ipo. Chuo kinaweza kuiweka QGIS ndani ya kontena katika seva moja yenye nguvu, na mwanafunzi akaifungua kwa kivinjari cha intaneti. Kazi nzito hufanywa na seva. Kipakatalishi hupokea tu picha ya dirisha la programu na kupeleka amri za kibodi na kipanya.

Mgala muue na haki yake mpe: mbinu hii ina kasoro. Mtandao ukikatika, kazi husimama. Faili zilizoachwa ndani ya kontena hupotea linapofutwa, hivyo ni sharti zihifadhiwe nje yake. Mlango usio na nywila hukaribisha wezi. Aidha, darasa zima likiingia kwa pamoja, seva dhaifu italemewa. Hata hivyo, hayo yote humhitaji fundi makini tu, ilhali ufukara wa mwanafunzi hauondolewi kwa kumkaripia.

Walimu wenzangu, Bernd Heine na Wilhelm Möhlig walichapisha atlasi ya lugha na lahaja za Kenya mwaka 1980. Tangu hapo wazee wengi wamezikwa pamoja na majina waliyoyajua. Eldoret yenyewe, iliyopandishwa hadhi kuwa jiji mwaka 2024, bado wenyeji huiita Sisibo, kutokana na shamba nambari 64. Majina kama hayo hayatatungoja hadi kila mwanafunzi anunue mashine mpya. Vyuo vyetu na vifungue seva zao, nao vijana wazichore nchi zao wenyewe wangali na wa kuwauliza.