Kriketi inauzwa mpira mmoja mmoja

Mhariri,

Mwaka 2003 Kenya ilipofika nusu fainali ya Kombe la Dunia la kriketi, tulijazana sebuleni kwa mjomba hadi wengine wakatazamia dirishani. Mwaka uliofuata nahodha wetu wa zamani, Maurice Odumbe, akafungiwa miaka 5 kwa uhusiano na mchezesha kamari. Marehemu baba, aliyenifundisha kushika gongo, alizima redio. Hakuitaja kriketi tena nyumbani.

Kinachoniuma ni kwamba wizi huu wa kamari hauonekani. Pale uwanja wa Lord's, London, mwaka 2010, warushaji wawili wa Pakistan walikanyaga mbele ya mstari makusudi, kosa la mrushaji, kwa malipo. Si lazima timu ifungwe. Dau huweza kuwekwa juu ya mpira mmoja tu. Sisi watazamaji tungejuaje? Warushaji hao na nahodha wao walihukumiwa kifungo mwaka 2011.

Nawauliza viongozi wa kriketi nchini: je, vijana wetu wanafundishwa kumkataa mwenye bahasha ya rushwa, na wanaelezwa wamripoti kwa nani? Tafadhali tujibuni hapa hapa gazetini.

Msomaji wenu,
Nairobi