MAONI YETU: Bunduki ina namba, aliyeibeba hana jina

Ukusanyaji na ukarabati wa bunduki za kale za kijeshi ni shughuli kubwa katika nchi ambazo wengi wetu tunaishi. Uingereza na Marekani kuna minada, vilabu na mafundi wanaojipatia riziki kwa kazi hiyo. Miongoni mwa silaha zinazotafutwa ni aina zilizotumika Afrika Mashariki katika Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia, 1914 hadi 1918. Wapo ndugu zetu wanaosema huo ni mchezo wa Wazungu wenye fedha na kwamba hautuhusu. Sisi tunasema unatuhusu, tena sana.

Tukumbuke nani walizibeba bunduki hizo. Vita vilipoanza 1914, kampuni nyingi za askari wa Mjerumani zilikuwa bado na Mauser modeli ya 1871. Hiyo ni bunduki ya kupakia risasi moja moja, inayotumia baruti nyeusi. Kila mlio ulitoa wingu la moshi lililomwonyesha adui mahali alipo mpigaji. Askari aliyejificha porini alijitangaza mwenyewe kwa kufyatua tu.

Silaha bora zilipatikana vitani na baharini. Baada ya mapigano ya Tanga, Novemba 1914, Waingereza waliacha mamia ya bunduki, bunduki za rasharasha 16 na risasi zipatazo 600,000. Aprili 1915 meli ya shehena ilifika Ghuba ya Manza, kaskazini mwa Tanga. Ilishambuliwa, lakini sehemu kubwa ya silaha zake iliokolewa. Novemba 1917 kikosi cha Wareno kilishindwa Ngomano, na bunduki zao zikabadili mikono. Jenerali von Lettow-Vorbeck aliposalimisha jeshi lake Mbala tarehe 25 Novemba 1918, alikabidhi bunduki 1,071, zote za Kiingereza na za Kireno. Hata moja ya Kijerumani haikuwamo.

Kwa hiyo bunduki moja ingeweza kupita mikononi mwa askari wa pande mbili, pengine wote wawili Waswahili, Wanyamwezi, Wayao au Wasukuma. Habari hiyo haikuandikwa vitabuni kwa majina. Kidogo kilichobaki kimo kwenye chuma na mbao: muhuri wa kiwanda, mwaka, namba, mshale wa mali ya serikali ya Uingereza. Lee-Enfield nyingi za zamani zina kisahani cha shaba kwenye kitako, kilichogongwa alama ya kikosi. Nyingine zina herufi zilizokwanguliwa kwa ncha ya kisu na mtu tusiyemjua.

Hapa ndipo ukarabati unapoweza kuwa dawa au sumu. Mwenye haraka hupiga msasa kitako mpaka king'ae, akapaka vanishi, kisha akaupa mtutu rangi mpya ya weusi wa buluu. Bunduki inapendeza ukutani, lakini imekuwa bubu. Fundi anayejua kazi huenda polepole. Huondoa grisi iliyoganda, hulainisha kutu kwa mafuta, hulisha mbao kwa mafuta ya kitani, na penye bonde huweka kitambaa chenye maji na pasi ya moto ili mbao ivimbe irudi mahali pake. Makovu huyaacha. Wala hafyatui risasi kabla mtaalamu hajapima mtutu na komeo, kwani baruti ya kisasa ndani ya bunduki ya baruti nyeusi inaweza kumpasukia mtu usoni.

Kwa nini tunashikilia jambo la makovu? Kwa sababu ya hesabu ya watu. Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti iliyokiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine kufikia 350,000, waliofia upande wa Uingereza katika vita hivyo hawakuandikwa majina kwenye kumbukumbu zake, au hawakukumbukwa kabisa. Wengi wao walikuwa wa Afrika Mashariki na Misri. Wapagazi peke yao walikufa kwa makumi ya maelfu, na wao hawakupewa hata hiyo bunduki. Kariakoo ya Dar es Salaam imebaki na jina la kikosi chao. Yaani chuma kilipewa namba na kutunzwa ghalani, na binadamu akafukiwa bila jina.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Basi kwa ndugu zetu mlioingia katika ukusanyaji huu, ombi letu ni dogo: msinunue bunduki tu, nunueni na habari zake. Andikeni ilitoka kwa nani na lini, pigeni picha kila alama kabla ya kugusa kitambaa, na nakala ipelekeni kwenye makumbusho ya nyumbani. Picha ya alama haihitaji kibali cha forodha.

Bunduki yenyewe inahitaji. Marekani, sheria ya shirikisho ya 1968 huhesabu kuwa ya kale bunduki iliyotengenezwa mwaka 1898 au kabla, lakini majimbo yana masharti yao. Uingereza, tangu Machi 2021, lazima iwe imetengenezwa kabla ya Septemba 1939, iwe ya aina ya risasi iliyo kwenye orodha ya zilizopitwa na wakati, na iwe ya pambo tu. Umri peke yake hautoshi. Lee-Enfield ya vita inayopiga inahitaji leseni huko. Na asije mtu akaichomeka katikati ya magodoro na vipuri ndani ya kontena la kwenda Mombasa au Dar. Polisi wa bandarini hataiita kumbukumbu ya babu.

Kwa wasomaji wetu wa nyumbani, kazi yenu ni kubwa kuliko ya wakusanyaji. Sanamu ya Askari pale Dar es Salaam imesimama na bunduki yake tangu 1927, na watu hupita kila siku wasijue ni nani. Ulizeni wazee majina: nani alikwenda, alibeba nini, hakurudi kutoka wapi. Waliowajua askari wale kwa macho wamebaki wachache mno. Namba za bunduki zitaendelea kusubiri kwenye chuma miaka mia mingine, lakini majina hayana pa kusubiri.