Big Ten 2024: Pesa za TV Zinawapeleka Wanafunzi Puta

Ratiba ya 2024 ya mpira wa Kimarekani wa vyuo, ligi ya Big Ten, ndo ilikuwa hiyo wadau, na waliobebeshwa mzigo walikuwa UCLA. Chuo kipo Los Angeles, ila Oktoba 5 kilicheza ugenini Penn State, wiki iliyofuata kikarudi nyumbani kuivaa Minnesota, Oktoba 19 kikaifuata Rutgers kule New Jersey. Yaani Marekani nzima, kwenda na kurudi, mara mbili! Ligi sasa ina vyuo 18, toka Pasifiki hadi Atlantiki, na chambo ilikuwa pesa ya TV. Mabosi wanahesabu mamilioni, dogo anahesabu saa za ndege na Jumatatu ana kipindi. Wakichapwa, lawama kwa kocha. Aliyesaini dili je? Mnasemaje wadau?