Damu ya wahudumu wa afya ipimwe mapema

Tangu kisa cha kwanza cha Korona kitangazwe nchini mnamo Machi 13, 2020, tumewamiminia wahudumu wa afya sifa tele. Sifa hazimkingi mtu. Je, ni nani aliyejua ni wangapi kati yao waliokuwa wamekwisha kuambukizwa?

Jibu lilitoka katika damu yao wenyewe. Kati ya Julai na Desemba 2020, watafiti waliwapima wahudumu 684 wa kaunti tatu wakitafuta kingamwili, yaani zile protini ambazo mwili huziunda kupambana na virusi, na ambazo husalia damuni hata mgonjwa akishapona. Nairobi zilikadiriwa kuwa katika asilimia 43.8 ya wahudumu; Busia 12.6, na Kilifi 11.5. Watoaji damu nchini, waliopimwa kati ya Aprili na Juni mwaka huo, walikadiriwa kuwa asilimia 4.3. (Miezi haikuwa ile ile; mwanafunzi asikimbilie kulinganisha.)

Lakini lililonigutusha si Nairobi. Ni kwamba, baada ya umri, jinsia na kituo kuzingatiwa, aina ya kazi haikuleta tofauti. Kwa nini basi barakoa bora zigawanywe kwa kufuata cheo? Mfagiaji wa wadi huvuta hewa ile ile aivutayo daktari, na karani wa mapokezi humlaki mgonjwa kabla ya yeyote kujua anaugua nini.

Wako watakaosema kipimo hiki hutambua yaliyopita tu. Ni kweli. Tena kingamwili hupungua miezi ipitapo, na aliyepatikana nazo asidhani amepewa kibali cha kuvua barakoa. Faida yake, kwa maoni yangu, iko kwingine. Madaktari waligoma Desemba 2020 wakidai bima na vifaa vya kujikinga. Sheria ya mwaka 2007 kuhusu fidia kwa wafanyakazi inayatambua maradhi yatokanayo na kazi. Lakini mjane wa muuguzi atathibitisha nini ikiwa damu ya marehemu haikupimwa alipoajiriwa, wala baada ya mkurupuko?

Naitaka Wizara ya Afya na serikali za kaunti zipime na kuhifadhi damu ya kila mwajiriwa mpya wa hospitali, bawabu kwa daktari, kwa idhini yake, na majibu apewe yeye kwanza kabla ya mwajiri.