SAFU YA MWALIMU: Pikipiki Inayougua kwa Vipindi



Nawaomba radhi wale waliotarajia mwezi huu tuendelee na mazungumzo ya malezi. Mama mmoja wa jumuiya yetu hapa Uingereza amenitaka nieleze kisa cha mwanawe, kwa kuwa vijana wetu kadhaa hupata riziki kwa kupeleka vyakula kwa pikipiki, na kisa chenyewe nusura kiishie pabaya.

Kijana alinijia jioni, helmeti mkononi. "Shikamoo, Mwalimu. Pikipiki inanikatalia mafuta katikati ya barabara." Siku hiyo alikuwa akikata kona mbele ya basi. Alipovuta mafuta, injini ilinguruma kinyonge tu na taa ya njano ikawaka. Akaizima, akaiwasha, ikawa nzima kana kwamba haikuugua kamwe. Karakana moja ilikwisha kumbadilishia kifaa kizima cha kilango cha hewa kwa zaidi ya pauni 600. Siku ya tatu maradhi yakarudi.

Sisi wa zama za kabureta tulijua kwamba mkono wa mafuta huvuta kebo, na kebo hufungua kilango. Lakini tangu Yamaha R6 ya mwaka 2006, pikipiki nyingi zimeingia katika utaratibu mwingine. Mwendeshaji huzungusha kihisio. Kihisio huipasha kompyuta habari kwa volti. Kompyuta nayo huamuru mota ndogo ifungue kilango. Kwa ajili ya usalama, habari hiyo hupita njia mbili. Zikihitilafiana, kompyuta haijui imwamini nani, hivyo huibana injini. Unyonge ule, basi, haukuwa maradhi bali kinga.

Nami nilianza kwa kukosea. Nilishuku betri, maana volti zikipungua kompyuta huweweseka, tukapoteza siku mbili tukiichaji bure. Hapo ndipo nilipompa kijana daftari, nikamwambia aandike kila tukio: saa, hali ya hewa, mwendo, na pikipiki imeelekea wapi. Yeye aliapa kwamba ni mvua. (Katika nchi hii, mwenye kuisingizia mvua hakosi ushahidi.) Baada ya siku tisa daftari lilikuwa na matukio sita: mvua mara mbili, ukavu mara nne, na kona ya kushoto ya mwendo wa polepole mara zote sita.

Tukaazima chombo cha kusomea kumbukumbu za kompyuta. Kumbe karakana ilikuwa ikizifuta kila mara bila kuziandika! Safari hii tuliziandika kwanza, nazo zilitaja kihisio cha mkono wa mafuta, wala hazikutaja kilango kilichobadilishwa.

Kazi iliyobaki ilikuwa ya subira. Pikipiki ikiwa juu ya stendi, ufunguo umewashwa na injini imezimwa, tulipima volti kwa nyuma ya plagi bila kutoboa waya. Nilitumia mita ya tarakimu. Ile yangu kongwe ya mshale niliiacha kabatini, kwani mita za namna ile huweza kunyonya umeme na kupotosha kipimo. Wala hatukupima ukinzani, kwa sababu vihisio vingi vya siku hizi hutumia sumaku na kipimo hicho hakielezi kitu. Kijana alizungusha mkono taratibu: volti za njia zote mbili zikapanda bila kuruka. Kihisio kizima. Kisha nikamwambia, "Sasa uache mkono, geuza usukani kushoto hadi mwisho." Njia moja ikaanguka hadi sifuri, ya pili haikutikisika.

Nyuma ya taa ya mbele tulikuta kamba ya plastiki iliyokazwa mno siku alipofungiwa chaja ya simu. Kila usukani ulipogeuzwa kushoto, waya mmoja ulinyongwa, hata nyuzi za shaba zikakatika ndani ya ganda ambalo kwa nje halikuwa na jeraha. Tuliukata, tukauunga kwa risasi, tukauvika mpira, na tukaulegeza upate nafasi ya kucheza. Gharama haikufika pauni 5.

Sasa ni wiki ya saba na taa haijawaka. Kile kilango cha zamani, ambacho hakikuwa na kosa lolote, kimo ndani ya boksi chini ya ngazi ya mama yake, naye anatafuta mnunuzi.