Hati Kwanza, Safari Baadaye

Mkazi wa Kitendaguro mwenye gari aweza kunywa chai ya asubuhi nyumbani kwake Bukoba, na kabla ya adhuhuri akawa Mutukula, mpakani mwa Uganda. Kutoka hapo njia yaendelea hadi Masaka, Kampala, Malaba na Nairobi. Lakini barabara peke yake haimvushi mtu mpaka. Twaona yafaa leo tuzungumze juu ya hati za safari, kwani wengi huzikumbuka wakiwa wamekwisha kufika kizuizini.

Kwanza ni pasi ya kusafiria, au hati ya dharura itolewayo na Idara ya Uhamiaji. Pili ni cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Chanjo hii huhesabiwa baada ya siku 10, basi achanjwaye siku ya kuondoka amechelewa. Tatu, dereva awe na leseni na kadi ya gari, na gari likiwa si lake, barua ya mwenyewe. Nne ni bima ya kuvuka mipaka, iitwayo Kadi ya Njano ya COMESA. Kisha forodha hutoa kibali cha kuliingiza gari kwa muda.

Wako waulizao: karatasi zote hizi za nini, hali sisi ni wa Jumuiya moja? Swali hilo ni la haki. Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika Julai 1, 2010, yaziruhusu nchi zilizokubaliana kutumia vitambulisho vya taifa kuwa hati za safari. Kenya, Uganda na Rwanda zilianza mwaka 2014, Tanzania haikuwamo.

Hatuwabezi wenye tahadhari. Watu wa Kagera hawajasahau mwaka 1978, majeshi ya Idi Amin yalipoingia na daraja la Kyaka likavunjwa. Lakini pasi mpya ilipotolewa mwaka 2018, ada yake ilikuwa shilingi 150,000. Kwa kibarua au mchuuzi wa ndizi, hiyo si fedha ndogo. Ndipo wengine hushika njia za panya. Huko mtu akinyang'anywa mali yake, hana pa kushtaki. Mwenye hati akionewa hudai haki. Asiye nayo huomba huruma.

Mwaka 2017 kilifunguliwa rasmi Mutukula kituo cha pamoja, ambamo maofisa wa nchi mbili hukagua wasafiri mahali pamoja. Ikiwa maofisa waliweza kukaa chini ya paa moja, haishindikani kitambulisho cha mfanya kazi kuheshimiwa pande zote mbili.

Hadi siku hiyo, wajibu ni wa pande mbili. Mwananchi aanze kutafuta hati zake mapema, naye mtumishi wa ofisi asimzungushe kwa "njoo kesho". Mpaka uliofunguliwa kwa mkataba usifungwe kwa uzembe.